Tangazo la tatu halikusomwa na zawadi zimejaa chumbani

Zawadi zangu za kichen pati nilizirudisha zote kasoro chache zilizokataliwa, sufuria moja, mkeka mmoja, na zile hela za kutunzwa ambazo hata ungenichapa viboko nisingejua ipi ni ya nani. Naandika hili kwa sababu mwezi uliopita binti mmoja hapa Tabora, mteja wangu wa kushona, kaja ofisini kwangu analia, uchumba umekufa na ndani ana friji, ana vyombo, ana mashuka, na kila mtu anamshauri la kwake, mmoja anamwambia zawadi ni zawadi kaa nazo, mwingine anamwambia uza ulipe madeni, mwingine anamwambia nyamaza tu watasahau. Mi nikamwambia mdogo wangu hawasahau, vuta kiti nikuhadithie ya kwangu. Tulikaa mpaka saa moja usiku na nguo za watu sikuzimaliza siku ile.

Mwaka 2019 nilikuwa nyumbani Kigoma, Mwanga, nina banda langu la cherehani na mambo yanaenda. Harusi ilikuwa tarehe 28 mwezi wa tisa, Jumamosi. Kichen pati tulifanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane na kesho yake matangazo yakaanza kanisani, si unajua kwa sisi Wakatoliki yanasomwa Jumapili tatu, na hata sheria ya serikali inataka taarifa ya kutaka kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla. Tangazo la kwanza likasomwa, wamama wakanipigia vigelegele nje pale. La pili likasomwa. La tatu halikusomwa. Kilichotokea kati ya Jumapili ya pili na ya tatu siandiki, kinahusu watu ambao sasa hivi wana maisha yao na watoto wao, ila jueni tu hakikuwa kitu cha wazee kukaa wakasuluhisha. Jumapili ile nimekaa na mama benchi la nyuma, majina ya wengine yakasomwa, karatasi ikakunjwa. Mama akanishika goti, hakusema kitu.

Tukarudi, nikafungua mlango wa chumba changu, na hapo ndo mwili ukaisha nguvu. Kitanda hakionekani. Maboksi yamepangwa mpaka dirishani, hotpoti za seti, mabeseni yamefungwa nailoni na ribani nyekundu, ndoo za mifuniko, mashuka ya kudarizi, mapazia, ungo, kinu na mchi wake walivyoleta kina bibi wa Mwandiga, vyungu viwili, dumu la mawese la lita 20, jiko la gesi la pleti mbili na mtungi wake wa kilo 15. Kila kitu nikikiangalia namwona aliyekileta anavyoingia nacho ukumbini kakibeba kichwani anacheza. Siku ile ya shughuli nilivihesabu kwa raha, sasa navihesabu kama deni.

Kilichotuokoa ni kaunta buku la mama mdogo. Siku ya shughuli alikaa mlangoni na kalamu, kila anayeingia anaandikwa jina, anakotoka, kaleta nini, namba ya simu, na kama kitu ni cha kuchangia basi waliochanga wote wanaandikwa, sio yule aliyekibeba peke yake. Watu walimtania siku hiyo kwamba kawa mtu wa ushuru. Hakujali. Majina yalikuwa 61, na bila lile daftari mi nisingeweza kukwambia mashuka ya kijani kaleta nani na ya bluu kaleta nani, maana ukiwa biharusi umefunikwa kanga hapo mbele huoni chochote zaidi ya miguu ya watu. Kwahiyo wewe unayesoma hapa na una shughuli mwezi ujao, mtafute mtu wako mmoja asiyependa kucheza muziki, mpe daftari. Kama ndoa itafungwa litakusaidia kushukuru na kujua na wewe siku yao uwabebee nini. Kama haitafungwa, ndo ramani yako.

Sasa niseme kosa langu, maana ndo lililoniuma kuliko yote. Shughuli iliisha Jumamosi, Jumatano gesi ya mama ikaisha, nikasema si lipo lile jingine, nikakata kamba nikalifunga. Tukapikia chai, maharage, maji ya kuoga, siku kumi na kitu. Bibi yangu akaniona akaniambia mwanangu, hicho umepewa cha huko uendako, mbona unakilia njiani? Nilimchukulia ni mambo ya wazee. Wiki hiyohiyo jirani akafiwa, na msiba ukitokea mtaani masufuria hayaombwi mara mbili, mama akatoa seti yangu ya masufuria sita, yale mazito yanayong'aa, akayapaka kila moja doti ya rangi ya kucha nyekundu chini ya mkono ili yasichanganyike na ya watu. Yalirudi yote. Ila lile kubwa la kupikia watu wengi lilikuwa limekaa kwenye mafiga matatu kwa siku tatu, limerudi na masizi ya kuganda na mdomo umebonyea upande mmoja.

Jumapili jioni wazee wakakaa. Baba mdogo akasema tusubiri hata miezi miwili, watu wapoe. Mama, na simlaumu, alikuwa na uchungu, akasema tuuze tufidie gharama za shughuli, mbona sisi hatufidiwi na mtu. Nikasema na mimi kwamba kwani vitu si nilipewa mimi? Mjomba wangu ambaye alifanya kazi ukarani mahakamani mpaka akastaafu ndo alinyamaza muda mrefu halafu akatuambia kuna kifungu cha 71 kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinasema mtu aliyetoa zawadi kwa kutegemea ndoa ambayo haikufungwa anaweza kufungua kesi arudishiwe, ila mahakama lazima iridhike kwamba wakati anatoa alikusudia iwe kwa sharti kwamba ndoa ifungwe, vinginevyo hapati. Tukadhani anatutisha. Akasema hapana, siwatishi, nawaambieni hivi kwa sababu yule mama wa dagaa wa Kibirizi hawezi kwenda mahakamani kwa ajili ya hotpoti, hata kukuuliza hatakuuliza, ataona haya, atasema huyu mtoto ana majonzi yake. Na kwa kuwa hatakuuliza ndo maana inabidi umfuate wewe.

Hayo maneno ndo nilimwambia yule binti, na ndo kiini cha ninachoandika hapa. Mwenye uwezo zawadi yake ikipotea hasikii. Anayesikia ni yule aliyedunduliza, na huyo ndo hasemi. Ukisubiri uulizwe utakuwa umewadhulumu walewale waliojinyima kwa ajili yako.

Wengine wataniuliza si urudishe dukani upate hela ugawe? Maduka yetu mnayajua, risiti chini imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na ni kweli hairudishwi, labda uwe unafahamiana na mwenye duka. Kwahiyo kitu kinarudi kwa mtu, na mtu ana uso, na hapo ndo ugumu ulipo.

Nilianza Jumatatu asubuhi. Nilianza na Kibirizi. Makusudi. Ile wiki kulikuwa na mbalamwezi, na mbalamwezi ikiwa kali watu wa dagaa hawaingii ziwani, taa hazivuti kitu, mitumbwi imelala mchangani na vichanja vya kuanikia viko vitupu. Nikajua siku hizi ndani kwake hela hamna. Nimefika namkuta anashona nyavu na mwanae, nikasema shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwekea boksi la hotpoti tatu mbele yake, ribani haijakatwa, nikamwambia mama, safari yangu imeishia njiani, nimekurudishia cha kwako, Mungu akubariki kwa moyo wako. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakuniambia pole kwanza. Aliniambia asante. Halafu akakaa kimya akasema hela ya hii niliitoa kwenye mchezo, nilipokea zamu yangu nikasema mtoto wa rafiki yangu kwanza. Hapo ndo nikalia mimi, na pole ikaja baadaye na chai ya rangi na kipande cha mgebuka.

Nilijifunza njiani jinsi ya kufanya, hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa naenda mwenyewe, situmi bodaboda, maana ukimtuma bodaboda na boksi mtu anahisi umemtupia. Naenda asubuhi kabla wageni hawajawa wengi pale kwake. Siendi na kundi la mashangazi. Kama kilitolewa na mke nampa mke, hata kama mume ndo yupo sebuleni, nasubiri mke atoke. Simulizi ya uchumba siitoi, mtu akiuliza nasema tumeshindwana, basi. Na kama kitu nilikifungua nasema kabla hajakigusa, mama hiki nilikifungua, kipo hivi na hivi, uamue wewe. Hilo la mwisho usilikwepe kabisa, mtu akigundua mwenyewe baada ya wewe kuondoka umemharibia yote, hata ile heshima ya kurudi imekufa.

Gesi lilikuwa la wanawake kumi wa kikoba chetu. Mtungi niliubadilisha nikaweka uliojaa kwa hela yangu, jiko nikalisugua mpaka kwenye matundu ya moto kwa sindano ya cherehani, nikalipeleka siku ya kikao chao nikasema mbele ya wote kwamba limetumika kama siku kumi na mbili, mtungi nimejaza. Mwenyekiti akasema vizuri, litaenda kwa mwanachama mwingine binti yake anaolewa mwezi wa kumi na moja, na tutamwambia kwamba lilishawashwa. Wakamwambia kweli, na mama yake akapunguziwa mchango wake wa mwezi. Nilipenda sana vile walivyofanya, wazi, bila kumfichaficha mtoto wa watu.

Masufuria ndo yalikuwa mtihani. Yaliletwa na mama mkubwa wa Ujiji, muuza mawese, sio ndugu wa damu, alisoma na mama. Usiku wa Jumanne nikakaa kwenye kibaraza na taa, na asetoni ya dada yangu na pamba, nafuta zile doti nyekundu moja moja. Matano nikaona yametoka kabisa. Lile kubwa nilisugua kwa steelwaya na majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka, masizi yakapungua lakini chuma kilishashika weusi, na ule mdomo ulivyobonyea nikajaribu kuunyoosha kwa mchi ukawa mbaya zaidi. Nikawaza ninunue jipya nichanganye. Nikazunguka madukani, la aina ile halikuwepo peke yake, wanauza seti. Na hata lingekuwepo najiuliza ningemwambia au ningenyamaza. Nashukuru halikuwepo.

Alhamisi nikachukua bajaji mpaka Ujiji. Mama mkubwa kakaa nje na madumu yake. Nikasalimia, nikayapanga yote sita kwenye mkeka, nikamwambia mama haya matano yalienda kwenye msiba wa jirani na yamerudi salama, hili moja limeungua, na nimeshindwa kulirudisha lilivyokuwa. Akalichukua lile kubwa, akaligeuza tako juu, akapitisha kidole kwenye weusi, akakiangalia kidole. Hili limepikia msiba? Ndio mama. Watu walikula wakashiba? Walikula mama. Akaliweka pembeni yangu. Akasema basi hili limeshafanya kazi ya watu, limeshakuwa la nyumba ile, liache kwa mama yako likipata msiba mwingine lipike tena. Haya matano nipe. Na kweli akayabeba akaingiza ndani, hakuleta mambo ya aa bwana kaa nayo tu, na mimi nikashukuru kwamba alinichukulia kama mtu mzima.

Maana wapo walioleta hayo. Mama mmoja wa Katubuka, mtu wa uwezo, alininunia kabisa, akasema nilikupa wewe, sikumpa yule kijana, kurudisha ni kunitukana. Nilimwambia mama sikutukani, ni haki yako. Akakataa tena. Nikarudi na pasi yangu na mashuka. Nimejipangia hivi, naleta mara moja, nasisitiza mara ya pili, ya tatu siombi, kwa sababu ya tatu inakuwa nawe unagombana na mtu aliyekupenda. Nikaandika kwenye kaunta buku, kaacha, na tarehe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini kuna wakati hata kupokea kilichoachwa kunataka moyo.

Mawese tulishayala nusu, mchele tulishaula, chakula sikukihesabu na hakuna aliyekitaja. Hela za kutunzwa zilishalipa muziki na soda usiku uleule. Kungwi wangu nilimfuata nikamuuliza kama kuna chochote cha kurudishiana kati yetu, akanikalisha akaniambia hela niliyolipwa na mama yako nimeshaila, na maneno niliyokupa hayarudi, utayatumia. Vitenge vya sare kila mtu alijinunulia, wale ambao nilikuwa sijawashonea nikawarudishia hela ya ufundi na kitambaa chao kikiwa kizima.

Upande wa kamati nitaeleza kwa kifupi ila hesabu naziweka kwa sababu watu wanagombana sana hapa. Michango iliyokuwa imeingia ni 2,400,000. Ukumbi tulishalipa advansi 500,000, wakakataa kurudisha hata senti. Mpambaji alishapokea 240,000 akarudisha nusu. MC alirudisha 150,000 yake yote. Kadi zilikuwa zimeshachapwa, 100,000 imeenda. Kwahiyo hasara ni 720,000, ikabaki 1,680,000, yaani kila aliyetoa 50,000 anapata 35,000. Mama alitaka tukope tujaze ili watu wapate yote, mwenyekiti wa kamati akakataa, akasema kamati ndo ililipa advansi kwa ajili ya shughuli ya wote, hasara ni ya wote, ila lazima waione. Mweka hazina akapiga picha risiti zote akaziweka kwenye grupu la WhatsApp na mchanganuo, halafu akatuma hela kwa simu mmoja mmoja, makato ya kutuma tukalipa sisi wa nyumbani. Wenye ahadi tu ambao walikuwa hawajatoa wakaambiwa wamesamehewa. Kwa kawaida kuvunja kamati ni kula nyama na kupongezana, ya kwetu ilivunjwa kwa kikokotoo na maji ya Kilimanjaro, lakini hakuna aliyetusema vibaya mpaka leo, na najua harusi zilizofungwa vizuri kabisa ambazo kamati zake hazisalimiani.

Vya upande wa mwanaume vilikuwa na wazee wake. Mahari wazee wetu walikaa na wazee wao wakamalizana, mimi sikuwepo. Pete nilimkabidhi mshenga mkononi ikiwa kwenye kiboksi chake. Kilicholeta maneno ni cherehani. Alininunulia ya umeme mwaka mmoja na nusu kabla, hata barua ya posa haijaja, siku niliyofungua banda. Dada yake akaja anaidai. Nikachanganyikiwa maana moyoni sikutaka hata uzi wake ubaki kwangu, lakini ile ndo ilikuwa inanilisha. Mjomba akauliza swali moja tu, alivyokupa alisema ni ya nini? Nikasema alisema upate kazi. Akasema basi hiyo haikufungwa na ndoa, ilitolewa kwa ajili ya kazi na kazi inafanyika, kisheria nadhani hata akienda atashindwa, lakini wewe angalia usingizi wako. Nilikaa nayo. Miezi minane baadaye nilinunua nyingine kwa hela yangu, ile ya kwanza nikampigia yule dada nikamwambia njoo uichukue kama mnaihitaji. Hakuja. Yupo msichana anajifunzia sasa hivi. Kuna watu wataniona nilikosea kutoitoa siku ileile, na kuna watu wataniona nilikosea kuitoa kabisa, mi naona kitu kilichotolewa kwa sababu ya posa na kitu kilichotolewa kwa sababu ya mapenzi tu havipimwi kwa mzani mmoja, na mjomba alinisaidia kuvitenganisha siku ambayo kichwa changu kilikuwa hakitenganishi chochote.

Mwaka 2022 niliolewa, na mume wangu ni wa hapa Tabora, kwahiyo nilikuja na treni na maboksi yangu kwenye behewa la mizigo. Kichen pati nilikataa mwanzoni. Nilisema sitaki kuwaomba watu walewale. Mama wa Kibirizi ndo aliyesema mtoto, mbona ulinirudishia? Ulinirudishia ili nije tena. Akaja na hotpoti moja badala ya tatu, akasema mwaka huu dagaa ni wa shida, na ile moja ndo inakaa mezani kwangu kila siku. Mama mkubwa wa Ujiji alileta yale masufuria matano, nayajua, moja lina alama ndogo ya wekundu kwenye msumari wa mkono ambayo asetoni haikufika. La sita liko kwa mama Mwanga mpaka leo, limepikia misiba minne ninayoijua. Safari hii hakuna kilichofunguliwa mpaka baada ya ndoa, hata kijiko. Boksi zilikaa zimefungwa chumbani na bibi ndo alikaa na ufunguo.

Na kabla sijamaliza niseme kidogo kuhusu bebi shawa maana hiyo nayo imeingia sana siku hizi, hata huku Isevya na Ipuli wadada wanafanya. Wifi yangu alifanyiwa akiwa na miezi minane, akapewa beseni, vinguo, neti, mablanketi, na mtoto hakubaki. Nilikaa nikifikiri ya kwangu nikadhani na hapa turudishe. Nikakosea. Mama mkwe akanivuta pembeni akaniambia zawadi ya harusi ni ya nyumba, hii ilikuwa ya mtu, na huyo mtu alikuja akaondoka, hivi vitu usiviguse na usimuulize mama yake. Tukavitoa chumbani tukavihifadhi kwangu. Hakuna hata mgeni mmoja aliyevidai wala sikumfuata yeyote. Miezi saba ikapita ndo yeye mwenyewe akaniambia dada, zile nguo bado zipo? Tukaenda nazo wodi ya wazazi, akachagua mwenyewe mama ambaye hakuwa na hata kanga ya kumfungia mtoto. Beseni alibaki nalo. Sikumuuliza kwa nini.

Wazee wetu zamani mtoto alikuwa hanunuliwi kitu mpaka azaliwe, na baada ya ile siku naelewa.

Nimebakiza mkeka. Uliletwa 2019 na bibi mmoja wa Ujiji, wa ukindu, ana mistari ya zambarau na kijani, kausuka mwenyewe kwa macho yale yanayoona nusu. Nilimwacha mwisho kwa sababu nilijua atataka nikae nile, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza. Nilichelewa wiki tatu. Nilivyofika nimeukunja begani nakuta turubai limefungwa uani, ameshazikwa siku mbili. Hilo ndo sijajisamehe. Nikawapa wanawe baada ya arobaini, mkubwa akasema utandike, mama aliusuka kwa jina lako, wa pili akasema hivyohivyo. Lakini watoto ni watatu. Wa mwisho alikuwa Kasulu kikazi, hakuwepo siku ile, na mali ya marehemu haiamuliwi na wawili.

Basi mkeka nimehama nao, uko juu ya kabati, sijautandika hata siku ya Krismasi wageni wakikaa chini. Baada ya kuongea na yule binti mwezi uliopita niliona haya kumfundisha mwenzangu na mimi nina la kwangu halijaisha, nikatafuta namba ya yule wa mwisho nikampata. Nikamwandikia meseji ndefu. Amejibu juzi: njoo nao mwezi wa kumi na mbili, tuukunjue tuuone. Tiketi ya treni nitakata wiki ijayo.